Alimcha Mungu, Lakini Aliacha Deni

Somo: 2 Wafalme 4:1–7

Ninyi mlio jikoni mkitayarisha chai, ninyi mlio safarini ndani ya matatu, nawe uliyelala kitandani kwa ugonjwa, karibuni tukae pamoja kwa dakika hizi chache. Kama Biblia yako iko karibu, fungua Kitabu cha Pili cha Wafalme, mlango wa nne, aya ya kwanza hata ya saba.

Habari hii twaijua tangu shule ya Jumapili. Mwanamke mjane anamlilia nabii Elisha. Mumewe amekufa, na mwenye kumdai amekuja kuwachukua wanawe wawili wawe watumwa. Mara nyingi tukiisoma twaenda mbio mpaka kwenye muujiza wa mafuta. Leo twataka tusimame kwanza mahali pengine, penye ushuhuda ambao mjane anautoa juu ya marehemu: kwamba alikuwa mtu mwenye kumcha Bwana. Tena alikuwa wa jamii ya wanafunzi wa manabii. Kwa lugha yetu ya leo tungesema alikuwa mtumishi wa kanisa. Mtu huyu alikufa na deni, na deni lile halikuzikwa pamoja naye. Lilibaki nyumbani, likawatazama watoto.

Basi, ndugu na dada, leo hatuneni juu ya walevi na wacheza kamari. Twanena juu ya watu wa Mungu. Twanena juu ya wanakwaya, wazee wa kanisa, walimu wa shule ya Jumapili na wahubiri, ambao wameketi kanisani wakiimba huku simu zao zikitetemeka mifukoni kwa sababu ya anayewadai. Na tusinene habari za wengine tukaficha zetu.

Tulivyoingia shimoni

Mwaka 2019 kulikuwa na harambee katika ushirika wetu, ya kumalizia paa la kanisa. Sisi tulikuwa mstari wa mbele. Tulisimama mbele ya watu tukatoa shilingi 10,000, na watu wakapiga makofi. Zilikuwa karibu fedha zote tulizokuwa nazo. Usiku wa siku ile ile mtoto wetu alishikwa na kifua, akawa anapumua kwa shida. Tulimkimbiza hospitali, nao wakataka amana kabla ya kumlaza. Katika simu tulikuwa na shilingi 1,200.

Tukakopa kwa simu shilingi 7,000. Ilichukua dakika mbili. Tulimshukuru Mungu, na ilikuwa haki kumshukuru, kwa maana mtoto alipona. Ada ya mkopo ule ilikuwa asilimia 7.5 kwa siku 30, maana yake tulidaiwa shilingi 7,525. Siku 30 zilipokwisha hatukuwa nazo. Tukakopa 7,500 kwa mwingine ili kumlipa wa kwanza, na huyo alitoza asilimia 15. Deni likawa 8,625. Mwezi wa tatu tukakopa 8,600 kwa mwingine tena ili kumlipa wa pili, naye akatoza asilimia 15. Deni likawa 9,890. Ona, shilingi 7,000 za hospitali zilikuwa zimekaribia 10,000 katika miezi mitatu, wala hatukununua hata kidonge kimoja zaidi.

Huyo wa tatu hakutupigia sisi peke yetu. Alipiga simu kwa watu ambao majina yao yalikuwa katika simu yetu. Jumamosi moja jioni mzee mmoja wa kanisa alibisha hodi. Aliketi, akanywa chai, kisha akasema, "Mchungaji, sikuja kuwahukumu. Nimepigiwa simu na watu nisiowajua, wanataka niwaambie mlipe. Mimi nauliza jambo moja tu. Mtoto akiugua tena usiku wa leo, mtafanya nini?"

Hatukuwa na jibu. Kesho yake tulipaswa kuhubiri.

Tuliuza mbuzi wawili tuliokuwa nao, tukalipa. Dawa ya deni ni kulipa, kama wazee wasemavyo. Lakini swali la mzee yule lilibaki, na katika swali lile tuliisikia sauti ya Elisha. Kwa maana nabii naye hakuanza kwa kumlaumu mjane. Alimwuliza ana nini nyumbani. Mjane akafikiri, akakumbuka chupa moja ya mafuta.

Hapa ndipo penye neno letu la leo. Mtu asiye na chupa nyumbani, siku ya dhiki atakopa kwa bei yoyote atakayoambiwa. Akiba ndogo ya siku ya dharura ndiyo inayompa mtu nafasi ya kukataa mkopo mbaya.

Je, kuweka akiba ni kukosa imani?

Wako wapendwa wanaosema, "Bwana alitufundisha tusisumbukie kesho. Mwenye kuweka akiba hamtumaini Mungu." Twawaheshimu, lakini tulipime neno hili kwa Maandiko.

Soma Kutoka mlango wa 16. Waliobakiza mana mpaka asubuhi bila kuagizwa, ilioza ikaingia mabuu. Lakini siku ya sita waliagizwa kuokota mara mbili na kuweka kwa ajili ya sabato, na mana ile ile haikuoza. Tofauti ilikuwa katika kumtii Mungu. Soma pia Luka mlango wa 12, habari ya tajiri mpumbavu. Kosa lake ni kwamba alijiwekea mwenyewe tu, asiwe tajiri mbele za Mungu. Kisha soma Mwanzo mlango wa 41. Yusufu alishauri sehemu ya tano ya mavuno iwekwe katika miaka saba ya shibe, na akiba ile ikawalisha Wamisri na hata ndugu zake waliomuuza. Akiba ya Yusufu ilikuwa ni upendo uliotangulia kufika kabla ya njaa.

Nasi tumeziona siku za njaa. Machi 2020, ugonjwa wa Korona ulipoingia Kenya, shule zilifungwa na ibada za pamoja zikasimama. Walimu wa shule za binafsi, wahudumu wa hoteli na wachuuzi walikosa mapato ghafla. Mwaka 2024, mafuriko ya Aprili na Mei yalibomoa nyumba na kusomba mali sehemu nyingi za nchi. Hakuna aliyeijua tarehe. Lakini kila mmoja wetu ajua kwamba siku ya namna hiyo huja.

Ni nini dharura, na ni nini si dharura?

Yafaa tuelewane hapa, maana wengi huvunja akiba yao kwa kukosa kupambanua. Dharura ni jambo lenye mambo matatu pamoja: limekuja ghafla, ni la lazima, na haliwezi kungoja. Ugonjwa, msiba wa karibu, kupoteza kazi, paa kuezuliwa na upepo: hizo ni dharura.

Karo ya Januari si dharura. Januari huja kila mwaka. Krismasi si dharura. Arusi ya binamu, ambayo kamati yake imekutana miezi sita, si dharura. Hata harambee ya kanisa si dharura. Mambo hayo yana tarehe, nayo yafaa yawekewe fungu lake polepole tangu mapema. Mtu akiyaita dharura, kila mwezi utakuwa na dharura yake, na chupa haitajaa kamwe.

Sasa, tuweke kiasi gani? Twashauri hatua tatu. Ya kwanza ni shilingi 5,000, za kukuwezesha kufika hospitali usiku bila kukopa. Ya pili ni matumizi ya lazima ya mwezi mmoja: chakula, kodi ya nyumba, nauli, dawa. Ya tatu ni miezi mitatu. Nyumba inayotumia shilingi 20,000 kwa mwezi italenga 60,000. Usiogope hesabu hiyo. Haba na haba hujaza kibaba. Mama auzaye mboga akiweka shilingi 50 kila siku, mwaka ukiisha ana 18,250. Mwenye mshahara aweke siku ile ile ya mshahara, kabla ya fedha kuanza kutembea. Mkulima wa chai, ambaye bonasi yake huja mara moja kwa mwaka, na afanye kama Yusufu: atenge fungu siku ya shibe. Paulo naye, katika 1 Wakorintho 16, aliwafundisha waumini watenge siku ya kwanza ya juma, kila mtu kwa kadiri ya alivyofanikiwa, ili michango isianze kutafutwa atakapofika. Alikuwa akinena juu ya kuwasaidia watakatifu, lakini njia yake ni njema kwa akiba pia.

Na tuiweke wapi? Si chini ya godoro. Mnakumbuka mwaka 2019, noti za zamani za shilingi 1,000 zilipoondolewa, na baada ya Septemba 30 zikawa karatasi tu. Wako waliozikumbuka wakiwa wamechelewa. Tena panya na mwizi hawapigi hodi. Usiiweke pia pamoja na fedha za matumizi katika simu. Ukiwa na deni la Fuliza, fedha yoyote iingiayo hukatwa kwanza kulilipa.

Chama cha kupokezana ni kizuri kwa kununua godoro au sufuria, lakini fedha zake huja zamu yako ifikapo, si ugonjwa ufikapo. Na katika Sacco yafaa ujue jambo moja: amana zile zinazokuwezesha kukopa, kwa kawaida huwezi kuzitoa mpaka uache uanachama. Ni akiba njema ya siku za mbele, lakini si ya usiku wa leo. Basi tafuta akaunti ya akiba iliyo mbali kidogo na mkono wako, katika benki au katika sehemu ya Sacco ambayo fedha zake hutolewa. Iwe mbali kiasi cha kutojaribiwa, na karibu kiasi cha kuifikia kwa siku moja. Mume na mke wote wajue iko wapi. Wala usisahau michango ya bima ya afya, ambayo tangu Oktoba 2024 iko chini ya SHA mahali pa NHIF. Bima ni ukuta wa kwanza, na akiba ni ukuta wa pili.

Mkopo ni mtumishi mkali

Hatusemi kwamba kila mkopo ni dhambi. Mkopo wa Sacco wa kununua ng'ombe wa maziwa waweza kulipwa kwa maziwa yake. Lakini mkopo wa kununua nyama ya Krismasi, utalipwa na nini? Mithali 22:7 inatuonya kwamba mwenye kukopa huwa chini ya amri ya mwenye kukopesha. Wazee nao walisema: kukopa arusi, kulipa matanga.

Tangu M-Shwari ilipoanza Novemba 2012 na Fuliza Januari 2019, mkopo umekaa kiganjani mwetu. Umewasaidia wengi, twakiri. Hatari yake ni wepesi wake. Ada ya asilimia 7.5 yaonekana ndogo. Lakini mtu akikopa shilingi 5,000, akalipa 375 za ada, akakopa tena mwezi unaofuata, na kuendelea hivyo mwaka mzima, amelipa ada ya 4,500. Karibu amenunua fedha zile mara ya pili, na bado hana kitu.

Kwa ndugu zetu wenye kazi za ofisini, benki huwapa kadi ya mkopo. Wasikilizaji, kadi hii si sawa na ile ya kutolea fedha zako mwenyewe. Hii ya mkopo hulipa kwa fedha za benki, nawe wadaiwa. Ukilipa deni lote kabla ya tarehe iliyoandikwa, kwa kawaida manunuzi yako hayatozwi riba, na kadi inakuwa mtumishi mwema. Mtego uko katika yale malipo madogo kabisa ambayo benki inakuruhusu kulipa. Tuseme unadaiwa shilingi 30,000, na riba ni asilimia 3 kwa mwezi. Mwezi wa kwanza riba ni 900. Ukilipa 1,500, deni limepungua kwa 600 tu. Endelea hivyo miezi 12 bila kununua kitu kingine: umelipa 18,000, na deni limepungua kwa shilingi 8,500 na kidogo. Zilizobaki zimekwenda katika riba.

Kwa hiyo twashauri hivi. Usinunue kwa kadi kitu ambacho huna fedha zake tayari au hutakuwa nazo kabla ya tarehe ya kulipa. Lipa deni lote, si sehemu. Usitoe fedha taslimu kwa kadi ya mkopo, maana kwa kawaida hutozwa ada, na riba huanza kuhesabiwa mara moja. Na benki ikikupandishia kikomo cha kukopa, usifurahi kama aliyepandishwa cheo. Kikomo kimeongezwa, lakini mshahara haukuongezwa.

Kwa wakopeshaji wa simu, hakikisha kwanza kwamba wana leseni ya Benki Kuu ya Kenya. Kanuni za mwaka 2022 zimewakataza kuwapigia simu jamaa na rafiki za mdaiwa ili kumwaibisha. Ukitendewa hivyo, una haki ya kulalamika. Lakini haki hiyo haifuti deni. Lipa.

Neno kwa makanisa yetu

Wachungaji na wazee wenzetu, tuna jambo la kutubu. Je, tumewahi kumfanya mtu akope ili atoe? Tunapoita majina hadharani na kumsukuma mama aongeze ahadi yake, huenda sadaka ile imetoka kwa mkopeshaji, na Jumatatu mama yule atalala njaa ili ailipe. Paulo alifundisha kwamba utoaji hukubaliwa kwa kadiri ya alivyo navyo mtu, si kwa kadiri ya asivyo navyo. Afadhali kila ushirika uwe na mfuko mdogo wa dharura, wenye hesabu ya wazi na watunzaji waaminifu, ili mgonjwa wa usiku apate pa kubisha kabla ya kukopa.

Na turudi kwa mjane wetu. Tazama vitu alivyoazima kwa jirani: vyombo vitupu tu. Alifunga mlango, akamimina pamoja na wanawe. Watoto wale waliokuwa karibu kuchukuliwa ndio waliomletea vyombo. Ndivyo ilivyo vyema nyumbani: watoto nao wajue kwa nini mwezi huu hatununui viatu vipya. Mafuta yalipokoma, nabii alimpa mpango kwa utaratibu wake: auze, alipe deni lake kwanza, kisha yeye na wanawe waishi kwa kilichosalia. Mungu alifanya muujiza, na baada ya muujiza ilibaki kazi ya kuuza, kulipa na kutunza.

Sisi wenyewe tulianza kwa shilingi 50 kwa siku baada ya kuuza mbuzi wale. Tulishindwa mara mbili, tukaanza tena. Mwaka 2024, katika mvua zile kubwa, ukuta wa jikoni letu ulianguka usiku. Asubuhi tulimwita fundi, tukamlipa kwa fedha zetu. Mzee yule alipopita kutupa pole, aliutazama ukuta mpya, akatabasamu, akasema tu, "Mchungaji, naona leo mna jibu."

Juma hili, kabla ya kulala usiku wa leo ikiwezekana, twaa karatasi uandike mambo matatu: ninadaiwa na nani na kiasi gani, nyumba yangu yahitaji kiasi gani kwa mwezi, na nitaanza kutenga kiasi gani, hata kama ni shilingi 20. Usione haya ya deni lako. Mwambie mwenzi wako. Mjane alipona kwa sababu alilia kwa sauti akasikiwa.

Na tuombe. Ee Baba, wewe wajua madeni yetu hata yale tuliyoficha. Utusamehe kiburi cha kutoa ili tuonekane, na uvivu wa kutotazama mbele. Wakumbuke usiku huu wote wanaoogopa mlio wa simu. Tupe mkono wa kutenga kidogo, moyo wa kuridhika, na upendo wa kumfungulia jirani mlango. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.